Tumeuza tiketi 640 za bahati nasibu ya hisani, sasa naambiwa ni kamari

Habari dada, pole na majukumu. Naomba usitaje jina langu maana wenzangu wanasoma hapa.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kujitolea, tuko watu kumi na nane, tunasaidia wazee wasiojiweza, kuwafulia, kuwapeleka kliniki, kukaa nao tu wakati mwingine. Mwaka huu tukasema tutafute viti vya magurudumu sita kwa sababu kuna wazee hawajavuka kizingiti cha mlango muda mrefu sana. Msamaria mmoja akatupa pikipiki mpya kabisa, akasema ifanyieni bahati nasibu mpate hela ya viti. Mwenyekiti akalidaka wazo, tuchapishe tiketi elfu moja, watu wanunue, siku ya droo mwenye bahati yake aondoke na pikipiki. Tulipiga makofi wote, na mimi nilipiga, sitaki kudanganya.

Niliuliza kama hakuna kibali cha kuomba. Mwenyekiti akasema amesoma mtandaoni kwamba vikundi vya hisani haviguswi, hizo sheria ni za wacheza kamari. Basi tukaanza kuuza. Tukaweka na ofa, nunua tano upate ya sita bure. Wauzaji wakapewa komisheni asilimia kumi ili wachangamke. Watoto wa wanachama nao wakabeba vitabu wakawa wanauza wakitoka shule. Kwenye magrupu ya WhatsApp mtu anatuma hela anarudishiwa picha ya tiketi yake. Droo tumeshaisogeza mara mbili kwa sababu hatujafika elfu moja.

Sasa wiki iliyopita binti wa mwanachama mwenzetu anayesomea sheria akaiona tiketi, akauliza namba ya leseni iko wapi. Tukabaki tunatazamana. Akasema hii mnayofanya ni kamari bila kibali. Mwenyekiti akacheka, lakini jioni yake akanipigia simu akasema tufanye droo haraka nyumbani kwake Jumapili, tuite wachache, tuposti video, yaishe.

Usiku huo sikulala dada. Nikamwaga kitandani vishina vyote, vile vipande vya tiketi vinavyobaki kwetu, nikavihesabu mara tatu, kila nikihesabu vinakuja 603. Kwenye daftari la mauzo tumeandika 640. Na hela iliyopo hailingani na 640 wala 603, kwa sababu ya zile za bure na zile komisheni ambazo wengine walijikata wenyewe kabla ya kuleta. Na kitu kingine, mke wa mwenyekiti ana tiketi 40. Kanunua, hela yake nimeiona, lakini akishinda huyo tutamwambia nini mtu?

Naomba unisaidie. Je kweli kikundi cha hisani kinahitaji kibali? Tunaweza kusema tu kwamba ile hela ilikuwa mchango? Na mimi nijiuzulu kabla ya Jumapili au nifanyeje?

Mweka hazina asiyelala

—

Mdogo wangu, kwanza kaa chini. Hujaiba na sioni kwenye barua yako mtu aliyekusudia kuiba, hata huyo mwenyekiti wako naona ni mtu wa mbiombio tu. Lakini huyo binti anasema kweli, na nyie wenyewe mlijua siku mlipobaki mnatazamana.

Sheria za nchi nyingi zinaitambua bahati nasibu kwa vitu vitatu tu: mtu ametoa malipo, kuna zawadi, na anayeipata zawadi anapatikana kwa bahati. Vitatu vikikutana basi, jina mliloandika kwenye tiketi halibadilishi kitu, iite mchango, iite harusi, iite maombi. Ukiondoa kimoja hali inabadilika. Ukiondoa malipo, kila mtu anaingia bure, hiyo ni droo ya bure. Ukiondoa zawadi, mtu anatoa hela hapati kitu, huo ndio mchango wenyewe. Ukiondoa bahati, mshindi anapatikana kwa ujuzi au kwa dau kubwa, hayo ni mashindano au mnada. Canada kwa mfano sheria ya jinai inakataza kugawa zawadi za promosheni kwa bahati tupu, ndiyo maana makampuni ya kule ukishinda zawadi wanakupa kwanza kiswali cha hesabu, jumlisha gawanya toa, ili isemekane kulikuwa na ujuzi. Watu wazima wanakaa na kalamu wanagawanya kwa nne ili wapewe zawadi. Sheria bwana.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili limeshatoka hapo. Hapana. Huwezi leo kusema ulikuwa mchango wakati mtu ana tiketi mfukoni yenye namba na picha ya pikipiki. Alitoa hela akitarajia nafasi ya kushinda. Hata kwenye kodi wanatofautisha hivi vitu, Marekani mtu akinunua tiketi ya bahati nasibu ya hisani hawezi kuidai kama sadaka kwenye hesabu zake za kodi, hata kama kikundi ni cha hisani mia kwa mia na hata kama hakushinda chochote, kwa sababu alinunua nafasi, hakutoa.

Sasa hili la mwenyekiti na mtandao. Mimi naamini kweli alisoma, shida alisoma nusu na alisoma ya kwa watu. Karibu kila mahali hisani haipewi msamaha mzima, inafunguliwa kadirisha kadogo, na kila nchi imekata dirisha lake kwa kipimo chake. Angalia Uingereza, chini ya sheria yao ya kamari ya 2005. Kuna aina ya bahati nasibu ya pale pale kwenye shughuli, tuseme mmeandaa tamasha, hiyo haihitaji leseni wala usajili, nadhani hiki ndicho kitu mwenyekiti alikiona. Lakini tiketi zinauzwa hapo hapo kwenye shughuli wakati shughuli inaendelea, sio kwenye magrupu siku nyingi kabla, na kwenye hela iliyopatikana huwezi kukata zaidi ya pauni 500 za kununulia zawadi na pauni 100 za gharama. Ukitaka kuuza kwa watu wa nje siku kabla, unahamia aina nyingine, unajisajili halmashauri ya eneo lako, droo moja isizidi mauzo ya pauni 20,000 na mwaka mzima usizidi 250,000, angalau asilimia 20 iende kwenye lengo la kikundi, halafu unapeleka taarifa ya mauzo kwa maandishi. Ukivuka hapo ni leseni kubwa ya tume ya kamari.

Halafu vuka bahari uende jimbo la California, Marekani, uone jinsi mambo yanavyogeuka. Kule sio asilimia 20, ni 90, yaani katika kila hela mia ya tiketi tisini ziende kwenye hisani, kwa hiyo ni kama wanakulazimisha zawadi iwe ya kupewa. Kikundi kinajisajili kwanza kwa mwanasheria mkuu wa jimbo, na tiketi haziuzwi kwenye intaneti kabisa. Ukienda majimbo mengine ya huko huko, Utah au Hawaii, ndio hakuna hata dirisha, bahati nasibu ya kulipia ni marufuku hata uwe unajenga kituo cha yatima. Nchi moja hiyo hiyo. Sasa mtu akikuambia "nimesoma mtandaoni" swali la kwanza umuulize umesoma ya wapi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza linajibiwa na ofisi moja tu, ile inayosimamia michezo ya kubahatisha huko mliko. Tanzania ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inafanya kazi chini ya sheria ya 2003. Uganda wana bodi yao chini ya sheria ya 2016. Kenya ndio ujihadhari zaidi na makaratasi ya zamani, sheria waliyokuwa nayo tangu 1966 imebadilishwa 2025, kwa hiyo rafiki akitaka kukutumia fomu aliyotumia zamani, mwambie asante aiache. Kokote uliko, ulizia ofisi hiyo, nenda na tiketi moja mkononi.

Nije kwenye tiketi zenu sasa, maana kibali peke yake hakiwaponyi. Hiyo ofa ya nunua tano upate ya sita bure naijua inavyovutia lakini ni kosa ambalo watu hawalioni kabisa. Tiketi ni nafasi. Mimi niliyenunua moja nimelipa bei kamili ya nafasi yangu, jirani yangu kalipa pungufu kwa kila nafasi yake, tumeingia droo moja. Uingereza kwa zile bahati nasibu za jumuiya zilizosajiliwa, kila tiketi lazima iwe bei moja, bei iandikwe kwenye tiketi na ilipwe kabla hujaikabidhi. Hata kama sheria ya kwenu haisemi hivyo, angalia ofa ilivyokuvuruga wewe mweka hazina, huwezi tena kuzidisha idadi ya tiketi kwa bei ukapata hela. Ulikuwa na hesabu ya mtoto wa darasa la tatu mkaigeuza fumbo.

Komisheni vivyo hivyo. California kwa mfano hairuhusu mtu kulipwa kwa kuendesha bahati nasibu ya hisani kama sio mwajiriwa wa kikundi chenyewe, na mantiki yake unaielewa bila kusoma sheria. Kilichoniumiza kwenu sio hata asilimia kumi, ni kwamba wengine walijikata kabla ya kuleta. Hapo huna hesabu tena, una simulizi. Na watoto, nakuomba kama dada yako, waondoe leo. Uingereza bahati nasibu hizi za jumuiya haziuzwi kwa mtu wa chini ya miaka 16 wala haziuzwi naye, na hata pale sheria iko kimya, mtoto mwenye begi la shule na hela za watu ni hatari kwake kabla hujafika kwenye sheria.

Vishina ndio nataka tukae hapo kidogo. 640 kwenye daftari, 603 kitandani, maana yake kuna tiketi 37 ambazo wenyewe wanaamini zimo kwenye droo na hazimo, hata lichanganywe vipi boksi. Mimi hiyo ndiyo naiona kubwa kuliko kibali. Kibali ni kosa kwa serikali, hii ni kosa kwa mtu aliyetoa hela yake akakuamini. Sheria ya California inataka kila tiketi iwe na kishina kinachochanika, vyote viwili vina namba moja isiyojirudia, mshindi achotwe kwenye hivyo vishina. Watunga sheria hawakuandika hivyo kwa kupenda makaratasi. Mnaouza kwa WhatsApp mnatuma picha ya tiketi halafu kishina kinabaki kwenye kitabu ambacho hakijachanwa, au kimechanwa kikabaki mfukoni mwa suruali ya mtu ikafuliwa. Kabla hujamshuku yeyote anza hapo, pita vitabu vyote kimoja kimoja, namba kwa namba sio kwa jumla, uandike zipi hazipo, kisha angalia zile namba zilichukuliwa na muuzaji gani. Nakuahidi hazijasambaa, utakuta zimekaa kwa watu wawili watatu. Na inawezekana kabisa baadhi ni zile za sita za bure, mtu kaandika kwenye daftari bila kuchana kitu.

Kuhusu mke wa mwenyekiti. Sheria mahali pengi haimkatazi, lakini kanuni za droo nyingi za heshima huwa zinawatoa waandaaji na watu wa nyumba zao, na nyie hamna kanuni zozote zilizoandikwa, au zipo? Sijaona ukizitaja. Mtu mwenye tiketi 40 kati ya 603 akishinda halafu droo imefanyika sebuleni kwake, hakuna video itakayowasafisha. Hata aape. Hata iwe kweli ameshinda kihalali, ambayo inawezekana.

Kwa hiyo Jumapili hakuna droo. Hapo sikubembelezi. Sasa hivi mna kosa la kuuza bila kibali, mkichezesha mnaongeza la pili na mnafunga mlango wa kurekebisha, kwa sababu pikipiki ikishapata mwenyewe huwezi kuirudisha kwenye boksi. Simamisheni kuuza leo, ukusanye vitabu vyote vilivyobaki, na uandike ujumbe mfupi kwenye kila grupu mlilouza. Usieleze sana. Sema mauzo yamesimama, droo haitafanyika kwa tarehe iliyotangazwa, hela zipo, taarifa ya namna ya kurudishiwa itatoka siku fulani, tunza tiketi yako. Usiandike "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu" maana zipo ndani ya uwezo wenu na watu sio watoto.

Ofisini nenda na mwenzako mmoja, eleza yote, hata ya watoto. Wanaweza kuwaambia mwombe kibali muanze upya, lakini usitegemee kibali kirudi nyuma kiguse tiketi mlizokwisha kuuza. Mimi ningejiandaa kurudisha. Kila mwenye tiketi apewe hela yake, na hapo hapo, baada ya hela kuwa tayari na sio kabla, unaruhusiwa kumwambia kwamba akipenda kuiacha iwe mchango wa viti basi asaini jina lake hapa. Lakini iwe hiari kweli. Mtu akisema naomba yangu, mpe, usimtazame usoni. Komisheni zilizochukuliwa zirudi, na asiyeweza kurudisha kwa mara moja aandikiwe deni, mwenyekiti akiwa wa kwanza kama naye alichukua.

Pikipiki sasa. Aliyeitoa aliitoa kwa bahati nasibu, kwa hiyo rudini kwake mumwambie ukweli na mwombeni ruhusa ya kuipiga mnada. Mnada hauna bahati ndani yake, mwenye dau kubwa anachukua, kwa hiyo hauingii kwenye kile kikapu cha vitu vitatu nilichokuambia juu, ingawa ulizia kama kwenu dalali anahitaji leseni yake. Kwa viti sita huenda mnada mmoja mzuri ukawatosha kuliko tiketi elfu moja mlizoshindwa kuziuza. Na mkirudi kwenye bahati nasibu siku nyingine mkiwa na kibali, ulizeni mapema kodi ya zawadi ni ya nani. Marekani zawadi ya bahati nasibu ikizidi dola 5,000 ukitoa bei ya tiketi, kikundi kinatakiwa kukusanya asilimia 24 ya thamani kabla ya kuikabidhi, hata kama zawadi ni gari na sio hela, mshindi anakuja kuchukua gari anaambiwa alete kwanza fedha taslimu. Kikundi kikiamua kumlipia chenyewe inapanda hadi asilimia 31.58 kwa sababu ule msaada wa kodi nao unahesabiwa zawadi. Kuna washindi wamelia machozi sio ya furaha.

Kujiuzulu, hapana, bado. Ukiondoka Ijumaa na Jumapili wakachezesha, jina lako liko kwenye daftari na saini yako kwenye hela, utakuwa umeondoka bila kutoka. Itisha kikao kabla ya Jumapili, sema mbele ya wote kwamba hukubaliani na droo hiyo, hakikisha imeingia kwenye muhtasari kwa maneno yako, umtumie na mwenyekiti kwa meseji ili kuwe na tarehe. Hesabu zikiisha, kila mtu amepata hela yake, hapo kama bado unataka kuondoka ondoka, mimi nitakuelewa.

Na hilo daftari la mauzo lipige picha ukurasa kwa ukurasa usiku wa leo, kabla hujaanza kutafuta zile namba 37, na kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba unazitafuta.